Kamera ndogo inatosha ukumbi wa wanawake Dodoma



Harusi za Dodoma zimetuingia majumbani. Zamani binti wa Unguja au Pemba akiolewa mbali, mbali yenyewe ilikuwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 wanetu wakaenda kusoma kule. Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016 wakaajiriwa kule, na sasa wanaposwa kule. Familia inavuka kwa boti, inapanda treni ya umeme Dar es Salaam, na siku hiyo hiyo singo, liwa na vikuba vya asumini vimeshafika Kanda ya Kati, ingawa hewa ya kule ni kavu na asumini linanyauka kabla ya magharibi.

Kila tunapoalikwa, bi harusi ana swali moja: ukumbi wa wanawake atapiga picha nani?

Majibu anayopewa ni mawili, na yote mawili hatuyataki. La kwanza ni kwamba aje yule kaka aliyepiga picha za kufungishwa ndoa msikitini, ni mtu mzima, ana heshima zake, atainamisha macho. Jamani, mpiga picha ainamishe macho apige nini, zulia? Kazi yake yote ni kutazama, na kutazama vizuri, na baadaye kukaa na sura ya bi harusi kwenye kompyuta usiku kucha akimsafisha ngozi. La pili ni kwamba kila mmoja apige kwa simu yake. Hapo bi harusi hajavua hata viatu, nywele zake ziko kwenye stetasi za watu ishirini, na binamu wa kiume wa jirani wa shangazi ameshazipenda.

Jibu la tatu lipo, ila linadharauliwa: dada wa Kiislamu mwenye kamera ya DSLR ya kuanzia, ile inayouzwa na lenzi yake moja ya 18-55. Wanamwita mwanafunzi. Mama wa bi harusi anasema picha za wanawake huwa hazikoi, zinatoka na ukungu, nyuso nyeupe kama zimepakwa chokaa, na nyuma giza tupu. Tumeziona picha za namna hiyo na hatubishi. Tunachobisha ni sababu inayotolewa. Tatizo si kamera kuwa ndogo, wala si mwanamke kuishika. Ni mambo mawili ambayo hakuna aliyekaa naye akamfundisha, yaani fokasi na flashi. Yote mawili yanafundishika kwa mwezi mmoja, nyumbani.

Kabla hatujaendelea, tuseme neno la dini. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu picha ya kamera. Wapo wanaoikataza isipokuwa kwa haja kama pasipoti na kitambulisho, na wapo wanaoiona ni kivuli kilichoshikwa, kama sura kwenye kioo. Aliyeshika kauli ya kwanza tunamheshimu, na makala haya hayamhusu. Tunaongea na yule aliyekwishaamua kuwa picha zitapigwa. Kwake yeye Suratun Nur, aya ya 30 na 31, bado iko pale pale. Kuruhusu picha hakukuruhusu asiye maharimu kuziona nywele za bi harusi. Ndiyo maana tunaona ufundi wa huyu dada ni sehemu ya sitara ya ukumbi mzima. Akijua kazi yake, hakuna mama atakayepata kisingizio cha kumwita kaka.

Tuanze na fokasi, maana ndiyo inayoharibu picha nyingi zaidi.

Kamera tunazozikuta sana mikononi mwa wanaoanza ni kama Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote mbili zilitoka mwaka 2018. Ya kwanza ina nukta 9 za fokasi, ya pili ina 11. Ukiitoa dukani, kamera inachagua nukta yenyewe, na tabia yake ni kukimbilia kitu kilicho karibu nayo zaidi. Sasa fikiria bi harusi amekaa kwenye kiti chake, mbele yake kuna sinia la hina, ua mkononi, na magoti yaliyojaa shanga. Kamera inachukua shanga. Shanga zinatoka kali mpaka unazihesabu, na uso umelala nyuma kwenye ukungu. Kamera haijui bi harusi ni nani. Mwambie wewe.

Zima uchaguzi wa otomatiki, ubaki na nukta moja tu, ile ya katikati. Katika kamera hizi mbili nukta ya katikati ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inasoma mistari iliyosimama na iliyolala kwa pamoja, na mwanga ukipungua ndiyo inayokataa kushindwa. Iweke juu ya jicho, na kama uso umegeuka kidogo, basi jicho lililo karibu nawe. Bonyeza kitufe cha kupigia nusu, subiri mlio, kisha malizia. Kwa bi harusi aliyekaa tumia fokasi ya mara moja, One Shot kwa Canon na AF-S kwa Nikon. Akianza kutembea kuingia ukumbini, hamia AI Servo au AF-C, ambayo inamfuata. Na kama ukumbi ni wa giza na kamera inahangaika, fanya hila ya wazee wa kazi. Lenga mahali kwenye zulia atakapokanyaga, funga fokasi hapo, weka f/8, na umsubiri afike.

Kuna mtego wa lenzi ya 50 mm f/1.8. Kila anayeanza anaitamani kwa ule uzuri wa nyuma kuyeyuka. Ni lenzi nzuri, bei yake ya chini, tunaipenda. Lakini ukiifungua yote kwenye f/1.8 ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa bi harusi, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 6 tu, kutoka mbele hadi nyuma. Ukishalenga jicho halafu ukapumua ukayumba kidogo, umepata sikio. Funga hadi f/4 uone sentimita zinavyozidi mara mbili na zaidi. Mama wa bi harusi hakuomba nyuma iyeyuke. Anataka kumwona mwanawe, na ikiwezekana na kidani alichomvisha.

Halafu kuna mavazi yetu wenyewe, ambayo vitabu vya upigaji picha havikuyafikiria. Fokasi ya kamera inatafuta mahali ambapo weusi na weupe vinakutana. Buibui jeusi lisilo na nakshi halina mahali hapo, na kamera itakwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo. Peleka nukta kwenye tarizi ya mkono au kwenye ukingo wa mtandio unapokutana na uso. Aliyevaa nikabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwani macho yaliyopakwa wanja katikati ya kitambaa cheusi ndiyo chakula cha fokasi. Mwenye kazi ni shela. Wavu wa shela uko mbele ya uso, una mistari mingi, na kamera inaushika wenyewe. Mwambie somo alinyanyue shela, lenga jicho, kisha sogeza swichi iliyo ubavuni mwa lenzi kutoka AF kwenda MF ili isibadilike tena. Somo alishushe, na piga bila wewe wala bi harusi kusogea. (Zipo lenzi za Nikon, zile za AF-P, ambazo hazina swichi hiyo, jambo hilo hilo linafanywa kwenye menyu.)

Hina nayo ni furaha ya kamera. Piko jeusi juu ya kiganja, hata kamera ya bei ya chini kuliko zote haikosi. Anayejifunza aanze na mikono ya wadogo zake siku ya Idi.

Jambo dogo linalosahaulika ni lile gurudumu dogo pembeni ya kitundu cha kuchungulia. Linarekebisha kitundu kwa macho yako. Kama ukichungulia unaona kila kitu na ukungu, usiilaumu lenzi. Zungusha hilo gurudumu mpaka namba za chini zisomeke vizuri. Akina dada wanaovaa miwani wanateseka miaka kwa hili.

Na unapotaka kujua picha imeharibika kwa nini, ikuze kwenye kioo cha nyuma mpaka uone kope. Kama kope zina ukungu lakini kuna kitu kingine kwenye picha kilicho kali, zulia au hereni au mtu wa nyuma, fokasi ilikosea mahali. Kama hakuna kilicho kali popote na taa zimejichora mistari, mkono umetikisika au mtu amesogea, na hapo dawa ni kasi ya shata. Tunashangaa wangapi wanabadilisha lenzi kwa tatizo ambalo ni la shata. Kwa Canon kuna sababu maalumu. Ukiwa kwenye modi ya Av na flashi imewashwa, ilivyotoka kiwandani kamera inapunguza kasi ya shata ili kukusanya mwanga wa ukumbi, na inaweza kufika nusu sekunde bila kukuambia. Flashi imewaka, wewe umeridhika, picha imeyumba. Nenda kwenye M. Weka 1/100, f/5.6, ISO 800, na iache flashi ijipimie yenyewe. Juu, usivuke 1/200, kwani ndiyo kasi ya mwisho ambayo flashi za kamera hizi zinakwenda nayo pamoja.

Sasa flashi.

Flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera inatukanwa sana, na yenyewe haina kosa. Inaombwa isichokiweza. Flashi ya 2000D ina namba ya nguvu 9.2 kwa mita, kwenye ISO 100. Gawa namba hiyo kwa f unayotumia, unapata umbali inaofika. Kwa f/5.6 ni mita moja na nusu na kidogo, yaani mtu anayekupa mkono. Ukipandisha ISO hadi 800 inafika mita nne na nusu hivi. Ya D3500 ni dhaifu zaidi, namba yake ni 7, na kwa mpangilio huo huo inafika kama mita tatu na nusu. Kwa hiyo anayekaa meza ya sita na kumpiga bi harusi jukwaani kwa flashi hiyo, anachomulika ni vilemba na visogo vya akina mama wa meza ya tano. Kama huwezi kusogea, izime, pandisha ISO hadi 3200, na utumie taa za jukwaa. Chembechembe kidogo kwenye picha hazijamuua mtu.

Mwanga wa flashi unachoka haraka. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Ndiyo maana picha ya familia inatoka na shangazi wa mbele amekuwa mweupe kama maziwa, na bibi aliyekaa nyuma, mwenye harusi yake hasa, haonekani. Usiwapange safu nne zinazorudi nyuma. Wapange safu moja au mbili zilizopinda kidogo kama mwezi mchanga, kila mmoja karibu sawa na kamera. Na waondoe ukutani. Bi harusi akiegemea ukuta, flashi inachora kivuli cheusi nyuma ya shingo yake. Akisogea mbele mita moja na nusu, kivuli kinaanguka chini asikione mtu. Ondoa na ile kofia ya plastiki ya mbele ya lenzi, maana nayo inatupa kivuli cha nusu duara chini ya picha. Kipande cha tishu nyeupe mbele ya flashi kinapunguza ukali na mng'aro wa mafuta kwenye paji la uso, na kinapunguza umbali pia, basi sogea.

Mavazi meusi na meupe yanaidanganya hata flashi. Kamera inataka kila kitu kiwe cha kijivu. Ikiona mabuibui kumi meusi inadhani hakuna mwanga, inaongeza flashi, na nyuso zinaungua. Ikiona gauni jeupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na bi harusi mweusi mzuri anatoka kama yuko kizani. Kuna sehemu ya kurekebisha flashi peke yake, mbali na ile ya kurekebisha picha yote. Kwa mabuibui punguza moja, kwa gauni jeupe ongeza theluthi mbili, kisha tazama na urekebishe. Tunaliweka hili mbele kwa sababu wengi wanadhani ngozi nyeusi haipendezi kwenye picha, na wanampaka binti poda ya rangi isiyo yake. Ngozi haina kosa, ni hesabu ya gauni.

Kuhusu poda, na hapa tunaongea na wapambaji. Zipo poda nyeupe za kumalizia, na krimu zenye kinga ya jua, ambazo chumbani hazionekani lakini zikipigwa na flashi zinarudisha mwanga, na uso unatoka na mabaka meupe chini ya macho. Mpambe bi harusi kwa majaribio siku chache kabla, piga picha moja kwa flashi, mtazame. Siku ya shughuli hapatakuwa na muda wa kumwosha.

Flashi ya nje, ile unayoichomeka juu ya kamera na kuigeuza kichwa, ndiyo kitu ambacho tungependa kila dada akinunue kabla hajafikiria kamera nyingine. Unaielekeza kwenye dari, dari linakuwa taa kubwa, mwanga unashuka laini kama wa dirishani. Nyumba nyingi mpya za Dodoma zina dari nyeupe, na humo kazi ni raha. Kumbini ni jambo jingine. Mapambo ya siku hizi yanafunika dari lote kwa vitambaa, na kitambaa cha zambarau kinarudisha mwanga wa zambarau. Bi harusi anatoka kama anaumwa. Chini ya turubai la buluu ni vile vile. Hapo usipige juu. Tafuta ukuta mweupe ubavuni mwako, au mwambie mtu akutundikie shuka nyeupe pembeni ya jukwaa, na uielekeze flashi huko. Shuka ya kitandani kabisa, tumeiona ikifanya kazi kuliko vifaa vya bei.

Tahadhari moja ya kununua, kwani inaumiza mifuko. Canon 2000D, 4000D na 250D, pale juu flashi inapochomekwa, hazina ile nukta kubwa ya chuma ya katikati ambayo kamera nyingi nyingine zinayo. Flashi nyingi za bei nafuu zinaitegemea nukta hiyo, na kwenye kamera hizi haziwaki kabisa. Nenda dukani na kamera yako mkononi, ichomeke, ipige, ndipo utoe pesa. Kwa upande wa Nikon, D3500 haina mota ya fokasi ndani yake, hivyo lenzi yoyote utakayonunua iwe imeandikwa AF-S au AF-P, la sivyo utazungusha kwa mkono maisha yako yote.

Tumefika kwenye vumbi, na hapa Dodoma inajieleza yenyewe. Kule kiangazi kinaanza mwezi wa Mei hivi hadi Novemba, na ndiyo miezi ya harusi nyingi. Upepo hauishi, na vumbi linaingia hata kwenye sukari. Ukipiga kwa flashi inayochomoza uani, usiku, chembe za vumbi zilizo karibu na lenzi zinamulikwa zikiwa nje ya fokasi, na kila moja inageuka duara jeupe linaloelea. Tumeletewa picha hizo na watu wakituuliza kama ni malaika waliohudhuria maulidi, na wengine, Mungu atuhifadhi, kama ni majini waliomfuata bi harusi. Tunaamini malaika na tunaamini majini wapo. Haya ni vumbi. Ukiishika flashi ya nje mbali kidogo na lenzi, au ukiielekeza pembeni, maduara yanapungua hapo hapo.

Vumbi hilo hilo likiingia ndani ya kamera linakaa kwenye sensa na kuchora madoa kwenye kila anga la buluu utakalopiga. Usibadilishe lenzi uwanjani. Ingia ndani, zima kamera, itazamishe chini, badilisha upesi. Usipulize kwa mdomo, mate yanabaki. Kipulizio cha mpira kinauzwa. Safarini Kondoa au Mpwapwa, ifunge kamera ndani ya khanga kisha uitie kwenye begi.

Picha za nje tutazisema kwa kifupi. Mabibi harusi wanataka mashamba ya zabibu na mawe makubwa, na ni pazuri kweli. Ila saa sita au saa saba mchana jua la kule liko juu ya kichwa, ukingo wa hijabu unatupa kivuli kwenye macho, na watu wanakuambia washa flashi ikijaze. Fanya ile hesabu. Kwa mwanga huo, kwenye ISO 100 na 1/200, utahitaji kama f/11, na 9.2 ukigawa kwa 11 haifiki hata mita moja. Kwa kujaza kivuli kidogo tu inakufikisha mita moja na nusu, basi, na lazima uwe karibu kiasi hicho. Mpeleke bi harusi chini ya mti au varandani, au subirini saa kumi na moja jioni. Tena pale nje ni mahali pa wazi, wapita njia ni wengi, kwa hiyo avae vazi lake la nje kamili. Gauni la ndani lina ukumbi wake.

Sasa yale ambayo bi harusi anapaswa kuyadai, kwa sababu mwanamke kushika kamera peke yake haijawa sitara. Kadi ya kumbukumbu ni amana. Picha zikifutwa kwa kawaida, au kadi ikisafishwa kwa haraka, bado programu ya kurudisha mafaili inaweza kuzitoa, na kadi hiyo ikiazimwa kwa kaka wa studio ameazimwa na harusi yako. Sisi tunashauri bi harusi anunue kadi yake mwenyewe, aikabidhi asubuhi, na airudishe mkononi mwake picha zikishahamishwa. Mwulize dada anahariri wapi, kwenye kompyuta ya nani, na kama simu yake inapandisha picha mtandaoni yenyewe bila kuulizwa. Mwulize atachapisha wapi, kwani kitabu cha picha kinapita mikononi mwa fundi wa mashine. Mkubaliane kwa maandishi kuwa hakuna picha ya ndani itakayotumika kutangaza biashara yake, hata iwe ya mgongoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini picha ikishasambaa sheria haiirudishi.

Na mlipeni. Hili tunalisema kwa uchungu. Familia inayompa kaka wa studio malipo ya nusu kabla, tena bila kupunguza, ndiyo inayomwambia dada huyu aje kama ndugu, atakula pilau. Halafu picha zikiwa na ukungu wanasema wanawake hawawezi. Flashi, betri mbili za akiba na usafiri wa kutoka chuoni hadi ukumbini vinanunuliwa kwa pesa. Umeme nao hukatika, na flashi ya nje inakula betri nne kwa shughuli moja, hivyo anapaswa kuwa na seti mbili za kuchaji.

Kwa dada mwenyewe, mazoezi hayahitaji harusi. Usiku mmoja kwa wiki, kaa sebuleni, mwite mdogo wako avae buibui jeusi. Mpige hatua mbili, hatua nne, hatua nane kutoka kwenye kamera, bila kubadilisha kitu, uone flashi inavyokufa. Wiki ya pili mvishe shela. Wiki ya tatu mweke mbele ya ukuta, kisha mwondoe. Wiki ya nne waite shangazi wote, wapange mwezi mchanga, na piga picha kumi tu, si mia. Kila moja ikuze uangalie kope. Ukipata nane kati ya kumi zenye kope kali, chukua harusi ya watu, na siku hiyo fika saa moja kabla, zungukia dari la ukumbi, na uulize shuka nyeupe iko wapi.